MWALIMU NAYE AJIFUNZE KUKETI NA MZAZI
(Hotuba kwa wanachama wa tawi letu)



Leo twataka kusema khabari ya mkutano usiomo katika ratiba ya chama, yaani mkutano wa mzazi na mwalimu wa mtoto wake. Wengi wetu twaujua. Barua yaja nyumbani kwamba mzazi afike shuleni saa nne asubuhi. Baba ndiyo kwanza atoke zamu ya usiku. Mama yu kazini, na akiondoka atakatwa mshahara. Akifika asimamishwa mlangoni, asomewa makosa ya mtoto mbele ya watu, kisha kwaheri. Hakuulizwa neno. Arudi nyumbani na hasira, na mtoto ndiye alipaye.

Je, mwalimu huyo ni mtu mbaya? Sisi twasema sivyo. Alifundishwa hesabu na kuandika ubaoni, lakini pengine hakufundishwa hata siku moja namna ya kuketi na mzazi. Katika reli hapana mtu apewaye injini avute abiria kabla hajajifunza. Marubani nao, tangu Edwin Link wa Marekani alipotengeneza chombo chake mwaka 1929, hujifunza kwanza ndani ya chombo kisichoondoka chini. Ukikosea humo, hafi mtu. Na tangu miaka ya 1960, Daktari Howard Barrows wa California alifundisha madaktari kwa watu wenye afya waliojifanya wagonjwa.

Sasa walimu nao wameanza. Katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Bwana Benjamin Dotger aliifuata njia hiyo ya madaktari: watu hufundishwa kuigiza wazazi, na mwanafunzi wa ualimu huketi nao. Chuo Kikuu cha Central Florida kilitengeneza mtambo uitwao TeachLivE. Mwanafunzi husimama mbele ya kioo kikubwa kama cha televisheni. Ndani yake mna sura za watu zilizochorwa kwa kompyuta, ambazo hujibu, hununa na hucheka, kwa maana nyuma yake yuko mtu halisi asiyeonekana, naye ndiye asemaye. Sura hiyo yaweza kuwa mtoto, yaweza kuwa mzazi. Mwanafunzi akiharibu mazungumzo, huanza tena, wala hapana mzazi aliyeumizwa.

Lakini tusidhani kioo peke yake chatosha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia uliotangazwa mwaka 2020 ulihusu kutuliza darasa, si wazazi, lakini mafunzo yake yatufaa. Wanafunzi waliopewa dakika 5 za mashauri kati ya zoezi na zoezi waliendelea zaidi kuliko wale walioachwa wafikiri peke yao. Kila fundi hapa ajua jambo hili: mwanagenzi hutaka fundi kando yake.

Twauliza tena: huyo mzazi wa kioo ni mzazi gani? Kama ni yule mwenye gari na nafasi ya mchana, mwalimu atajifunza nusu tu. Mzazi wa zamu naye awemo, na mzazi asiyesoma awemo.

Hapa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka chama cha wazazi shuleni, na mtaala ulioanza 2017 wataka mzazi ashiriki katika masomo. Basi twaleta mambo matatu. Kwanza, chama kiwaombe waajiri ruhusa ya saa chache kwa mzazi aliyeitwa shuleni, bila kukatwa mshahara. Pili, vyuo vya ualimu viombwe kuwafanyisha wanafunzi mazoezi haya. Kama mitambo ni ghali, viti viwili vyatosha, na wanachama wetu waitwe wawe ndio wazazi. Tatu, kila mmoja wetu akiitwa aende, asikilize, kisha aulize: mtoto aweza nini, ashindwa nini, na sisi nyumbani tufanye nini?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu ni mfanya kazi mwenzetu, na mtoto ni wetu sote.

Umoja ni nguvu.