Tumedhaminiana kwa Fedha, Sasa Tudhaminiane kwa Mtoto

(Maneno ya kamati ya kikundi, yaliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka 10)



Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku hii. Miaka 10 si haba. Habari za hisa na mikopo mmeshazisikia kwenye risala, hatutazirudia. Sisi tumeombwa tuseme juu ya watoto wasio na pa kulala, na walezi wa kambo ambao halmashauri inawahitaji.

Jambo hili si geni kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika hapa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata tulizika wazazi wengi, na bibi, shangazi na majirani wakabaki na watoto. Hakuna aliyesubiri kutangaziwa redioni. Leo dawa zipo, na wazazi wengi wenye virusi wanaishi na kulea watoto wao wenyewe. Lakini bado wapo watoto wanaotupwa, wanaokimbia kipigo, au ambao mama yao yuko gerezani na ndugu hawajapatikana. Na wale bibi wa wakati ule, wengi tumeshawazika. Basi zamu ni ya nani?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na imeweka utaratibu wa malezi ya kambo. Anayetaka kulea huenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Afisa hufika nyumbani, huona mazingira na kuzungumza na wenye nyumba kabla mtoto hajaletwa. Makao ya watoto yapo, na yanasaidia. Lakini mlezi wa zamu akimaliza kazi anakwenda kwake. Mtoto anahitaji mtu anayejua kwamba huyu akilala bila taa anaamka analia.

Sasa tuseme ukweli, kwa nini wengi wetu tunaogopa?

La kwanza ni jina lenyewe. Ukisema kambo, watu wanamkumbuka mama wa kambo wa kwenye hadithi, anayemnyima mtoto chakula. Jamani, jina lisitutishe. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

La pili ni kibanja. Mume anauliza, na ukoo unauliza: huyu kesho si atadai migomba yetu? Jibu ni kwamba malezi ya kambo si kuasili. Kuasili huamuliwa na mahakama, na huko ndiko mtoto huwa wako kisheria. Malezi ya kambo ni kumtunza kwa muda, mpaka arudi kwa wazazi au ndugu, au apatiwe njia nyingine ya kudumu. Elezeni hivyo nyumbani kabla ya kuchukua fomu, maana mtoto akija huku baba hajakubali, atakayeumia ni mtoto.

La tatu ni kumzoea kisha akaondoka. Hili hatuwezi kuwadanganya, linauma. Lakini ukiona anaondoka huku analia kwa ajili yako, ujue alipata mtu wa kumlilia.

Na lipo la nne ambalo watu hawapendi kulitaja. Wapo wanaotaka mtoto ili wapate wa kuchota maji na kulisha mbuzi. Hapo ndipo kikundi chetu kina kazi. Afisa anamwona mtu siku moja au mbili. Sisi tunakaa naye kila wiki, tunajua anavyorejesha mkopo, anavyosema na watoto wake, na kama chakula cha nyumbani kwake kinawatosha wote. Hatumdhamini kila anayeomba mkopo. Basi mtu tusiyeweza kumdhamini kwa fedha, tusimdhamini kwa mtoto.

Lakini mdhamini hakimbii mwenzake anapokwama. Mtoto aliyeteseka anaweza kukojoa kitandani akiwa na miaka 9. Anaweza kuficha ndizi chini ya godoro mpaka zioze, kwa sababu aliwahi kulala njaa. Mlezi aliye peke yake atasema huyu ni mwizi, hana shukrani, na kumrudisha. Na mtoto akirudishwa mara mbili, haamini tena nyumba yoyote.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo matatu, mtayapigia kura kwenye kikao kijacho. Kwanza, mfuko wa jamii, ambao tunautumia kwa misiba na ugonjwa, utengewe fungu la mlezi wa kambo aliye mwanachama. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa, lakini sare, madaftari na chakula havikuondolewa. Pili, kila mlezi apewe wanachama wawili wa kumtembelea, na kukaa na mtoto siku mama anapokwenda kliniki au sokoni. Tatu, tukiona mtoto anateswa, hata kama mlezi ni mwenzetu, taarifa iende kwa Afisa siku hiyo hiyo, au kwa simu namba 116, ambayo hailipiwi.

Kwako mgeni rasmi tuna ombi moja. Mtoto asiletwe usiku akaachwa bila karatasi. Mlezi apewe barua yake, asaidiwe kupata cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA, na Afisa arudi kutazama. Tunajua maafisa ni wachache na kata ziko mbali. Nauli ya pikipiki isiwe sababu ya mtoto kusahauliwa.

Akina mama, sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Ndiyo maana kwa miaka 10 halijaibiwa. Mtoto naye asiachiwe mtu mmoja. Mlezi awe na ufunguo, halmashauri iwe nao, na sisi tuwe nao.

Anayetaka kujiandikisha amwone Mama Katibu leo kabla ya chakula.