Ratiba, Daftari na Mlango wa Malalamiko: Usawa wa Kijinsia na Heshima katika Klabu za Michezo za Mtaani

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya viongozi wa klabu za michezo za mitaa na kata



Nimeombwa nizungumzie usawa wa kijinsia na heshima katika klabu zetu, nami naomba niseme mapema ninachokiamini. Klabu inaweza kuandika kaulimbiu nzuri mgongoni mwa fulana na bado ikamnyima binti uwanja. Ukitaka kujua klabu ina usawa au haina, omba uoneshwe vitu vinne: ratiba ya uwanja, daftari la fedha, orodha ya kamati, na utaratibu wa kupokea malalamiko. Vyote vinne viko mikononi mwa watu waliokaa humu ndani. Hakuna hata kimoja kinachosubiri mfadhili.

1. Kwa nini klabu ya mtaani

Uwezo wa wasichana wetu hauhitaji tena kutetewa. Ligi Kuu ya Wanawake ya soka Tanzania Bara ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa Mkoa wa Pwani. Mwaka 2022 wasichana wa timu yetu ya taifa, Serengeti Girls, waliifunga Ufaransa mabao 2-1 kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, wakafika robo fainali. Mwaka huohuo Simba Queens walishika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika. Wanawake wa timu yetu ya taifa, Twiga Stars, waliocheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010 huko Afrika Kusini, walirudi tena kwenye fainali zilizochezwa Morocco mwaka 2025.

Lakini hao ni wachache waliovuka. Nawaomba mwafikirie waliobaki njiani. Binti anacheza netiboli, soka au mpira wa mikono shuleni, anafika mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, anasifiwa. Anamaliza kidato cha nne, anarudi mtaani. Kaka yake aliyemaliza naye anakuta timu ya vijana, timu ya ndondo, na baadaye atakuta timu ya maveterani. Yeye anakuta nafasi ya kushangilia. Kati ya shule na Ligi Kuu kuna pengo, na katika pengo hilo ndimo klabu ya mtaani inamopaswa kukaa. Tusipokuwepo, kipaji kinaishia hapo, na pamoja nacho afya, marafiki na ujasiri ambao mchezo humpa mtu hata asipokuwa nyota.

2. Hali ilivyo: uwanja mmoja, timu mbili

Chukueni uwanja wa kawaida wa mtaani: vumbi, magoli ya mirunda, nyavu hakuna. Saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili ni zamu ya timu ya wanaume, na imekuwa hivyo tangu klabu ianze. Wasichana walipoomba zamu, kamati iliwapa saa nane mchana. Saa nane wanafunzi hawajatoka shule. Waliomaliza shule wako saluni, gengeni, au nyumbani wanaosha vyombo vya mchana. Jua nalo ni kali. Wiki ya kwanza wanakuja kumi na wanne, ya pili tisa, ya tatu watano. Ndipo kocha anasimama mbele ya kamati na kusema kwamba wasichana hawana mwitikio. Hakuna anayekumbuka kwamba ratiba ndiyo iliyowafukuza.

Sasa tufungue daftari. Mfadhili wa duka la jirani ametoa jezi seti moja: zinakwenda kwa wanaume, na zile zilizochakaa zinashuka kwa wasichana, mikono inafika viwikoni na bukta hazikai kiunoni. Kwenye mechi ya ugenini wanaume wanakodiwa Coaster, wasichana wanaambiwa wachangishane nauli. Maji, bandeji, posho ya kocha, vyote vina safu ya timu moja tu. Kamati nyingi hazikukaa kupanga kuwabagua wasichana. Zimeendelea tu kunakili matumizi ya mwaka uliopita, na mwaka uliopita msichana hakuwemo.

Kwenye orodha ya kamati tunakuta picha hiyohiyo. Mwenyekiti, katibu, kocha mkuu na meneja ni wanaume. Mwanamke ni mweka hazina, kwa sababu inasemwa wanawake ni waaminifu. Anatunza fedha ambazo matumizi yake yanaamuliwa na wengine. Mama wanaofua jezi na kupika siku ya mashindano hawaitwi kwenye kikao cha kupanga mashindano hayohayo.

3. Heshima ni suala la usalama

Hapa naomba tutulie, kwa sababu ndipo penye uzito kuliko pote.

Kocha ana mamlaka makubwa. Ndiye anayepanga kikosi, anayependekeza jina kwa mawakala na kwa timu za juu, na mara nyingi ndiye anayeshika simu, nauli na vitambulisho vya wachezaji safarini. Kwa binti wa miaka 16 anayeota kuchezea timu ya taifa, neno la kocha linaweza kuwa na nguvu kuliko neno la mzazi. Makocha wengi wanayatumia mamlaka hayo kwa uadilifu mkubwa. Lakini klabu isiyo na taratibu inamwachia kila kocha aamue mwenyewe awe mwadilifu au asiwe, na gharama ya anayeamua vibaya inalipwa na mtoto.

Majirani zetu wametuonesha jinsi jambo hili linavyoweza kufika mbali. Agnes Tirop wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za barabarani za wanawake pekee Septemba 2021. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024, na mwezi Septemba alifariki Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mwenzi wake. Hawa walikuwa mabingwa waliojulikana duniani. Jina kubwa na fedha za ushindi havikuwakinga. Baada ya kifo cha Tirop, wanariadha wenzake waliunda Tirop's Angels ili wanaopitia ukatili wapate pa kukimbilia. Ni jambo la heshima kwao, na ni swali kwetu: kwa nini wachezaji wasubiri msiba ndipo wajitengenezee mlango wa kuongea?

Heshima inaanzia kwenye mambo yanayoonekana madogo. Mvulana aliyekosa bao anapigiwa kelele kwamba anacheza kama demu. Mchezaji wa kike anaambiwa kutoka pembeni mwa uwanja kwamba amegeuka dume, au maungo yake yanajadiliwa na mashabiki huku viongozi wakicheka. Anayesikia lugha hiyo kila jioni hujifunza kwamba kwenye klabu hii mwanamke ni tusi. Akija kuguswa vibaya, atamwambia nani?

Nakumbusha pia kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kosa la kingono dhidi yake ni jinai. Kamati haina mamlaka ya kulimaliza kwa kikao, kwa kumhamisha kocha timu nyingine, wala kwa wazazi kupewa chochote. Linapelekwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya 116 ya huduma kwa mtoto iko kwa ajili hiyo. Anayeficha "ili klabu isichafuke" anamwandalia mkosaji mtoto mwingine.

4. Waliofanya, walifanyaje

Mathare Youth Sports Association ilianzishwa Nairobi mwaka 1987, ikaanza soka la wasichana mwaka 1992. Vikwazo walivyokutana navyo havikuwa vya kiufundi: kazi za nyumbani, wadogo wa kulea, na hofu ya wazazi juu ya usalama wa binti njiani. Somo lake kwetu ni kwamba mpango wa wasichana huanza na kumsikiliza mzazi na kujua siku ya binti inavyokwenda, ndipo mnunue mpira.

Kilifi, pwani ya Kenya, shirika la soka la wasichana la Moving the Goalposts lilianza mwaka 2001. Huko wasichana hawaishii kucheza. Wanafundisha, wanachezesha mechi, na wanakaa kwenye kamati zinazoendesha ligi zao. Binti aliyepanga ratiba na kushika filimbi hazungumzi tena kama mgeni aliyekaribishwa.

Kwa upande wa mavazi, tangu mwaka 2014 sheria za soka zinaruhusu wachezaji kufunika kichwa. Klabu inayomwambia binti achague kati ya hijabu na jezi inaweka sharti ambalo FIFA yenyewe haina. Kwa upande wa waamuzi, Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati kwenye fainali za AFCON za wanaume, Januari 2022. Ikiwa mwanamke ameweza kuongoza mechi ya AFCON, bonanza la kata yetu linaweza kuchezeshwa na mwanamke bila kutukanwa.

5. Hoja mbili zinazorudi kila kikao

Ya kwanza: timu ya wasichana haileti mapato. Timu nyingi za wanaume za mtaani nazo hazileti. Zinaishi kwa michango ya wanachama, na nyingi ya michango hiyo inatoka kwa mama, dada na wake zetu. Mwanachama anayechanga ana haki ya kuona mtoto wake wa kike akihudumiwa.

Ya pili: mila na dini haziruhusu. Nimewasikiliza wazazi wanaosema hivyo, na ukikaa nao ukauliza wanachoogopa, wengi wanataja mambo ambayo klabu inaweza kuyatimiza: binti awe nyumbani kabla ya magharibi, avae mavazi ya staha, awepo mama au dada mtu mzima uwanjani, na asisafiri peke yake na kocha. Masharti hayo ni ya haki. Tukiyatimiza, wazazi wengi watafungua mlango.

6. Mapendekezo

(a) Ratiba ya uwanja ipangwe upya kila msimu mbele ya timu zote, na saa za jioni zigawanywe kwa zamu: siku hii wanaume, siku ile wanawake.

(b) Daftari la fedha liwe na safu ya kila timu, na lisomwe kwenye mkutano wa wanachama. Jezi, nauli, maji na huduma ya kwanza vigawanywe kwa kanuni moja.

(c) Katiba ya klabu itaje kwamba angalau theluthi moja ya kamati ni wanawake, na kwamba nafasi za mwenyekiti, katibu na kocha zinahesabika katika theluthi hiyo.

(d) Kila timu ya wasichana iwe na mwanamke mtu mzima kwenye benchi la ufundi. Safarini wawepo watu wazima wawili. Kocha asiwasiliane na mchezaji mtoto kwa siri. Ujumbe upitie kundi ambalo mzazi naye yumo.

(e) Wachaguliwe watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja awe mwanamke, na wote wawili wasiwe kwenye benchi la ufundi. Majina na simu zao zibandikwe mahali wachezaji wanapoyaona. Anayelalamika asiondolewe kikosini.

(f) Lugha ya kudhalilisha iwe na adhabu iliyoandikwa, kwa mchezaji, kiongozi na shabiki, na nahodha wa timu ya wanaume apewe jukumu la kuisimamia.

7. Hitimisho na kazi ya vikundi

Ndugu zangu, wasichana wa mitaa yetu hawaombi kupendelewa. Wanaomba saa kumi jioni kama kaka zao, jezi inayowatosha, kiti kwenye kikao, na mtu wa kumwambia wanapoumizwa. Klabu isiyoweza kutoa hayo ina haki gani ya kujiita ya jamii?

Naomba tugawanyike kwa klabu, kila kundi lijibu kwa maandishi:

1. Wiki iliyopita, nani alitumia uwanja wetu kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni?
2. Katika matumizi yetu matatu ya mwisho, timu ya wasichana ilipata nini?
3. Mchezaji akidhalilishwa na kocha leo, atamwendea nani, na mwenyekiti akiwa ndiye mlalamikiwa, itakuwaje?
4. Ni pendekezo lipi kati ya hayo sita tutakaloanza kulitekeleza kabla mwezi huu haujaisha, na nani atalisimamia?

Jibu la swali la nne lisainiwe na viongozi wote wa klabu waliopo, nakala moja ibaki kwa ofisa michezo wa kata, ili tukikutana tena tuanze kwa kuisoma.