Mlima Mmoja, Mipaka Mingi: Elgon na Haki ya Wakazi Wake



Mara nyingi tunapozungumzia katiba, tunazungumzia uchaguzi na mamlaka ya rais. Leo tungependa tuitazame katiba kutoka mteremkoni, mahali ambapo swali la kwanza la raia ni hili: mimi ni wa wapi, na ni nani aliyeamua hivyo?

Mlima Elgon ni volkano iliyozimika zamani. Kilele chake kirefu, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Koitobos, chenye mita 4,222, kiko Kenya. Maji yake hayafuati serikali ya mtu. Mto Suam hutoka katika shimo la volkano, hugeuka kuwa Turkwel, na kuishia katika Ziwa Turkana. Mito ya kusini huingia Nzoia na kwenda Ziwa Viktoria. Wakoloni waliichukua mito hiyo hiyo, Suam na Lwakhakha, wakaifanya mpaka. Mwaka 1902 mkoa mzima wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande huu kwa kalamu tu, na mwaka 1926 amri ya Uingereza ikaainisha mpaka. Wasabaoti wakabaki Kenya, ndugu zao Wasebei wakawa Waganda kwa uraia. Wabukusu nao wakatenganishwa na Wamasaba. Hapana hata mmoja kati yao aliyeulizwa.

Mpaka wa ndani ndio uliotuumiza zaidi. Tume ya Mipaka ya Majimbo ya mwaka 1962 iliiweka Trans Nzoia, pamoja na mji wa Kitale uliokuwa ukigombewa, katika Bonde la Ufa. Miteremko ya kusini ikaachwa upande wa Magharibi, ingawa Wasabaoti walikuwa wameomba kuwekwa katika Bonde la Ufa. Mwaka huo huo Wasebei wa Uganda walipewa wilaya yao, mbali na Bugisu. Jamii moja, mlima mmoja, mwaka mmoja, na majibu mawili. Haistaajabishi kwamba kinyongo kilibaki.

Kinyongo cha haki, hata hivyo, kinaweza kutumiwa na watu wasio na haki. Mwezi Septemba 1991 wanasiasa wa chama tawala, KANU, walifanya mikutano ya hadhara katika Bonde la Ufa wakidai majimbo na kuwatisha waliotaka vyama vingi. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba mwaka huo, na wakati huo huo moto ulikuwa umeshawaka. Elgon, Bungoma na Trans Nzoia zilijaa wakimbizi wa ndani. Wabukusu na Wateso walifukuzwa katika mashamba yao, na makanisa yakawa makambi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliyachunguza mambo hayo mwaka 1992, na Tume ya Akiwumi ikayarudia kuanzia mwaka 1998. Wanaosema vilikuwa vita vya kikabila tu wasome ripoti hizo. Sisi tunaona kwamba kabila lilikuwa kuni, na kiberiti kilikuwa mkononi mwa wengine.

Kisha mwaka 1993, baada ya damu hiyo, ikaundwa Wilaya ya Mlima Elgon, makao yake Kapsokwony. Wengi walishangilia. Lakini hebu tuutazame msingi wake. Sheria ya Wilaya na Mikoa ya mwaka 1992 ilitaja wilaya 46 pamoja na Nairobi. Elgon haikuwemo. Ilikuwa ni zawadi ya Ikulu, kama zilivyokuwa nyingine nyingi zilizogawiwa mikutanoni, na mwaka 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba wilaya zilizoongezwa nje ya sheria hiyo hazikuwa halali. Katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47, ilifuata orodha ile ile ya 1992. Elgon ikarudi Bungoma ikiwa kaunti ndogo, ikiwa na eneo bunge moja na wadi sita. Aliyepewa bila sheria hana pa kudai anaponyang'anywa.

Ardhi ilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1971 serikali iliwahamisha watu wa Chepkitale, nyanda za juu, na kuwapa makazi Chebyuk. Wengine kutoka chini wakaingia, kwa kununua au kukodi. Ugawaji ukafutwa na kurudiwa, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila orodha mpya ikawa na majina yaliyotoweka katika ile ya zamani. Mwaka 2006 kikundi cha SLDF kilichukua silaha. Watu zaidi ya 600 waliuawa. Operesheni Okoa Maisha, iliyoanza Machi 2008, ilikivunja kikundi hicho, lakini wanaume wengi waliokamatwa waliteswa, na wapo ambao hawakuonekana tena. Mama anayengoja mwanawe tangu mwaka ule hatulizwi na jina la operesheni.

Upo mfano wa njia nyingine. Waogiek waliobaki Chepkitale walikuta ardhi yao imegeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2022 mahakama ya ardhi ya Bungoma ikakubaliana nao. Ng'ambo, Wabenet walikuwa wamepata hukumu ya kuwatambua mwaka 2005, ingawa utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua sana.

Sasa tuseme yaliyo mbele yetu. Kubadili mpaka wa kaunti si jambo la tamko la mtu: Kifungu cha 188 kinataka tume huru, kisha theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Mipaka ya maeneo bunge na wadi ni kazi ya tume ya uchaguzi, nayo ilipitwa na muda wake Machi 2024 ikiwa haina makamishna. Kifungu cha 89 kinaitaka izingatie jiografia, njia za mawasiliano, historia na uhusiano wa jamii. Kwa hiyo tunaomba kila parokia na kila usharika kuanzia Cheptais hadi Kaptama uandike maoni yake mapema: zahanati iko umbali gani, daraja gani huzama wakati wa mvua, nani hana mwakilishi. Wabukusu na Wateso wa mteremkoni waandike pia, na wakae meza moja na Wasabaoti na Waogiek. Na orodha za Chebyuk, zote tangu 1971, zibandikwe hadharani Kapsokwony, kila mtu asome jina lake au pengo lake.