Kisogo Bapa cha Mtoto Mchanga

Katika mazungumzo yetu ya afya juma hili tunaangalia jambo linalowatia wasiwasi wazazi wengi, hasa wanaolea mbali na jamaa zao: mtoto mchanga ambaye kisogo chake kimeanza kuwa bapa.

Mama yuko Leicester, mtoto ana miezi miwili. Anapiga simu Unguja, na bibi yake mtoto anamwambia: "Mlaze kifudifudi, mwanangu, kichwa kitarudi." Ushauri huo umetoka kwenye mapenzi, lakini usiku ukifuatwa ni wa hatari.

Mwaka 1991 Uingereza, na mwaka 1994 Marekani, zilianzishwa kampeni za kuwahimiza wazazi wawalaze watoto wachanga chali. Vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa nusu au zaidi. Pamoja na neema hiyo, visogo bapa vikaongezeka. Fuvu la mtoto mchanga ni laini na mifupa yake haijaungana; mahali panapolaliwa kila siku hubonyea. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa Calgary, Kanada, kati ya watoto 440 wa umri wa wiki 7 hadi 12, karibu asilimia 47 walikuwa na ubapa kichwani, wengi wao kwa kiasi kidogo tu.

Je, mzazi afanye nini? Usiku, na kila anapolala, mtoto alazwe chali. Leo kichwa kielekee upande huu wa kitanda, kesho upande wa pili, kwani mtoto hugeukia penye mwanga au alipo mama. Mchana, akiwa macho na mtu mzima yu karibu, alazwe kifudifudi kwa dakika chache, mara kadhaa, hata juu ya kifua cha mama. Kiti cha gari kiwe cha safari, si cha kushindia. Tena abebwe. Mbeleko ya kanga, shingo ikishakaza, hukipumzisha kisogo, mradi pua na mdomo viwe wazi.

Asiwekewe mto. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilionya dhidi ya mito inayouzwa kwa madai ya kutengeneza kichwa, kwa kuwa yaweza kumziba mtoto pumzi. Wala mifupa ya kichwa isikandamizwe kwa mikono.

Wengine huuziwa kofia ngumu za plastiki kwa bei kubwa. Kabla ya kulipa, wajue kwamba utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2014 uliwalinganisha watoto 84 wenye ubapa wa wastani hadi mkubwa, nusu yao wakivishwa kofia hizo. Walipofikia miaka miwili, makundi hayo hayakutofautiana kwa maana. Aghalabu umbo hurejea taratibu mtoto aanzapo kuketi na kutambaa, na nywele hufunika kilichosalia.

Hata hivyo, yapo mambo yasiyongoja. Mtoto anayegeuza shingo upande mmoja tu huenda ana msuli uliokaza, na mazoezi ya mapema humsaidia. Kichwa kilichozaliwa na umbo lisilo la kawaida na kisichonyooka kadiri wiki zinavyopita, au chenye tuta gumu kwenye maungio ya mifupa, kionwe na daktari wa watoto bila kuchelewa. Huenda mifupa imeungana kabla ya wakati wake, nayo yaweza kuhitaji upasuaji.

Basi ukimjibu bibi, mjibu kwa heshima. Mwambie kwamba kifudifudi chake kina wakati wake, nao ni mchana, mtoto akiwa macho. Usingizini, chali. Kisogo kitangoja, pumzi haingoji.