Visima vya Baba Zetu

Neno letu la leo latoka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tangu mstari wa 15 hata wa 22. Isomeni habari hii nyumbani pamoja na watoto.

Ibrahimu alichimba visima. Alipokufa, Wafilisti walivifukia kwa udongo. Isaka mwanawe alipokuja kukaa katika bonde la Gerari alivichimba upya, tena akaviita kwa majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Na tuliangalie jambo hili la majina, maana latuhusu sisi wakazi wa mji huu.

Nairobi ni jina la Kimaasai, nalo lataja maji baridi. Wamaasai walinywesha ng'ombe wao hapa kabla reli haijafika mwaka 1899. Na Kibera je? Wanubi, askari wa zamani waliokaa pale tangu mwanzo wa karne ya 20, walipaita Kibra, yaani msitu. Basi sote twakaa penye maji baridi, na baadhi yetu twakaa msituni! Majina yangalipo. Lakini maji yako wapi? Msitu uko wapi?

Shukeni mtelemko wa Kibera mpaka Mto Ngong. Maji yake ni meusi, na uchafu wa vyoo hutiririkia humo. Mto huo waingia katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji. Zamani watu waliendesha mashua za tanga juu yake. Kisha matope na takataka vikalijaza, magugumaji yakalifunika. Kisima kikafukiwa.

Wafilisti waliokifukia ni nani? Sisi tulikuwa wepesi kuwataja wengine: wenye viwanda, wakuu wa mji, wenye nyumba za kupanga wasiojenga vyoo. Ni kweli, hao wana hesabu yao ya kutoa. Lakini mwaka mmoja, baada ya sikukuu ya mavuno, tulifagia kanisa, tukajaza takataka magunia, tukampa kijana wa mkokoteni shilingi chache ayaondoe. Hatukumwuliza anayapeleka wapi. Siku zile zile tulikwenda Kawangware kumtazama mgonjwa, na pale ukingoni mwa mto tukayakuta magunia yetu, na maganda ya mahindi ya sadaka yakielea majini. Tulikuwa tumemshukuru Mungu kwa mvua, kisha tukachafua maji ya mvua ile ile. Tuliona haya sana.

Mvua za masika ya mwaka 2024 zilitufundisha kwa ukali. Katika Kenya walikufa watu zaidi ya 250, na hapa Nairobi mito iliingia majumbani. Mungu aliupa mto njia yake, akaupa na uwanda kandokando yake wa kupumzikia maji yanapozidi. Matete, nyasi na mikuyu ya ukingoni hushika udongo, hupunguza mbio za maji, huyapa nafasi ya kuzama ardhini polepole. Tukiing'oa na kupajaza takataka, maji hayana pa kupumzika, nayo huja mpaka mlangoni.

Lakini mlango huo ni wa nani? Ni wa maskini, aliyejenga pale kwa kuwa hakupata mahali pengine. Mwaka ule ule serikali iliamuru watu walio ndani ya mita 30 kutoka mitoni waondoke, na wengi waliona nyumba zao zikibomolewa bila kujua waende wapi. Hapa tumsikilize Isaka tena. Watumishi wake walipata maji, wachungaji wa Gerari wakayagombania. Akakiita kisima Eseki, ugomvi. Wakachimba kingine, kikagombaniwa nacho. Akakiita Sitna, uadui. Hakuchoka. Cha tatu hakikuwa na ugomvi, akakiita Rehobothi, maana Bwana alikuwa amewapa nafasi. Ndugu zetu, mto uliosafishwa kwa kumtupa jirani barabarani ni Eseki, si Rehobothi. Kabla ya kupanda mti pale palipokuwa na kitanda cha mjane, tuulize: mjane amelala wapi?

Hata hivyo tusikae tu. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement, na akina mama wakaanza na miche michache. Katika Kibera wapo vijana wanaozoa takataka mtoni kwa mikono yao. Mwaka 2025 serikali nayo ilizindua mpango wa kufufua mito ya Nairobi. Kanisa liko wapi?

Kwanza, kila nyumba iulize takataka zake zinapelekwa wapi. Pili, kanisa lenye kiwanja karibu na mto lipande miti ya asili, si mikaratusi inywayo maji mengi. Tatu, jirani zetu wakiamriwa kuhama, twende pamoja nao kwa chifu, kuomba wapewe mahali pa kuishi kwanza. Na tusisahau kwamba maji yetu huingia Mto Athi, nao huitwa Sabaki ufikapo baharini karibu na Malindi. Mtu anayeteka maji huko chini naye ni jirani yetu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewapa baba zetu maji baridi na msitu, utusamehe tulivyofukia visima vyako. Utupe mikono ya kuchimba tena, na moyo wa kumpa jirani nafasi, ili watoto wetu wayataje majina haya na kuyaona kuwa kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.