Mwachie Mtoto Achague Kitabu

Unapomnunulia mtoto kitabu, usilipe kabla hajakisoma. Mfungulie ukurasa wa katikati, asome kwa sauti. Kila neno linalomshinda, akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho bado kigumu. Msomee wewe, au kirudisheni rafuni. Asipokunja hata kimoja, ni chepesi, lakini akikipenda mwachie. Raha ndiyo inayomrudisha mtoto kitabuni.

Kwa hadithi, tazama kama mhusika ana la kutaka na la kuogopa. Hadithi inayohubiri tangu mstari wa kwanza humchosha mtoto, na ana haki ya kuchoka.

Vitabu vya maarifa navyo vina mtihani wake: mwaka wa kuchapishwa. Ramani ya Afrika isiyo na Sudan Kusini imepitwa na wakati tangu 2011. Kitabu kinachohesabu sayari 9, tangu 2006.

Na wapo watoto wasiojali hadithi kabisa, wanaotaka nyoka, injini na volkano tu. Huko nako ni kusoma. Mzazi, tafadhali, usiwanyang'anye vitabu hivyo.