Ndama Yule Alikuwa wa Nani? Mazungumzo Juu ya Kupatana Katika Jamaa

Tunajua wengine wenu mmepanda mlima huu wa Manga kwa miguu, na wengine mmeacha chai shambani bila kuchumwa. Kwa hivyo hatutawaweka sana. Tuliombwa tuongee juu ya kusameheana katika jamaa, na jinsi kikundi chetu cha kujifunza Biblia kilivyoingia katika jambo hilo. Hatukuwa tumepanga. Tulikuwa tunasoma tu kila Jumatano jioni, sura kwa sura, na jambo likatukuta.

Kwanza tuseme kitu ambacho kila mtu hapa anakijua. Watu wa kwetu hawagombani kwa sababu ni wabaya kuliko watu wa kwingine. Mashamba yamekwisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, yaani zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita moja ya mraba, na wengi wao wanakula kutokana na shamba. Babu alikuwa na kilima, baba akapata mteremko, mtoto anapata mistari michache ya chai. Mpaka ukisogezwa hatua mbili, hatua hizo ni mahindi ya watoto. Basi mtu akija hapa kutuambia tusameheane tu, kana kwamba tunagombania upuuzi, huyo hajui njaa ya hapa.

Lakini pia tumeona ugomvi ukiachwa unafanya nini. Unaanza na mpaka, unaingia katika matusi, halafu siku moja mtoto anaugua na mtu anamnyoshea kidole mama mzee wa nyumba ya pili ati ni mchawi. Oktoba 2021, kule Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa na umati kwa sababu ya kushukiwa uchawi. Si kila ugomvi wa jamaa unafika huko. Lakini chuki ikishakaa katika boma, mtu akitafuta wa kulaumiwa hatafuti mbali.

Sasa tuje kwa masomo yetu. Tulianza na Mathayo 18, ule mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi na mfalme, kisha akaenda kumkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari mia. Siku zote tumehubiriwa kwamba deni la pili lilikuwa kidogo kabisa. Mmoja wetu, ambaye huchuma chai kwa kibarua, akauliza dinari moja ilikuwa kiasi gani. Tukatafuta, tukaona katika Mathayo 20 kwamba ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja. Kumbe! Dinari mia ni siku mia za kibarua. Ni zaidi ya miezi mitatu mgongo ukiwa umeinama. Basi Yesu hakusema ulichokosewa na ndugu yako si kitu. Ni kitu. Linganisheni tu na kile mlichosamehewa ninyi. Tangu siku hiyo tulikubaliana hakuna mtu katika kikundi atakayemwambia mwenzake, "Sahau tu, ni jambo dogo." Hayo ni maneno ya mtu ambaye hakuibiwa.

Wakati huo huo tulikuwa na mwanachama mmoja ambaye alikuwa ameacha kuja. Jina lake tunaliacha, na tulimwomba ruhusa kabla ya kuyasema haya. Baba yao alikuwa amewagawia wanawe wawili mashamba akiwa bado hai. Yule mdogo aliuza sehemu yake akaenda Nairobi. Mkubwa akabaki. Baba akafa, na huyu mkubwa ndiye aliyeendelea kulima, kupalilia, kuweka mbolea na kupeleka majani kituoni, mvua na jua, miaka kumi na zaidi. Namba ya chai ilibaki kwa mama. Halafu mdogo akarudi na mke, watoto watatu na kikohozi. Bonasi ya Oktoba ilipokuja, mama alinunua mabati ishirini na misumari, akamwonyesha mdogo pembe ya shamba ya kujenga. Mkubwa hakuambiwa. Alijua siku aliyoona mabati yakishushwa kutoka kwa gari.

Basi aliacha kuongea na mama yake. Akaacha kula kwake. Akaacha na kikundi pia, kwa sababu mama ni mwanachama. Mchango wake wa kila wiki ulikwama, na ninyi mnajua merry-go-round ikikatika mtu mmoja, wote wanaanza kuangaliana. Wengine wetu, tukubali, tulikuwa na hasira ya ule mchango kuliko uchungu wa ile jamaa.

Jumatano moja tukafika Luka 15. Mwana mpotevu. Sote tunaijua, hata watoto wanaigiza. Tukadhani tutaimaliza haraka. Lakini mama mmoja, ambaye hata kusoma husomewa na binti yake, akauliza, "Yule ndama aliyechinjwa alikuwa wa nani?"

Tukanyamaza. Tukarudi nyuma tukasoma tena. Mstari wa 12 unasema baba aliwagawia mali yake wote wawili, si mdogo peke yake. Mdogo alichukua yake akaimaliza. Kwa hivyo kila kitu kilichobaki katika boma lile kilikuwa fungu la mkubwa, na baba mwenyewe anakiri hivyo katika mstari wa 31. Basi ndama yule, kwa haki, alikuwa wa kaka. Pete, joho, viatu, vyote vilitoka katika fungu lake. Na alipokuwa anatoka shambani jioni akasikia ngoma, hakuna mtu aliyekuwa amemwita. Alilazimika kumwuliza mtumishi nyumbani kwao kuna nini.

Tangu utotoni tumekuwa tukimlaumu yule kaka kwa wivu. Siku hiyo tuliona kwamba alikuwa na neno. Hatusemi alifanya vizuri kukaa nje. Lakini baba hakumwita mpumbavu wala hakutuma mtu amlete kwa nguvu. Alitoka mwenyewe, akaacha wageni na nyama, akasimama naye gizani akimsihi. Baba alitoka mara mbili siku ile: mara moja kumkimbilia mdogo, na mara ya pili kumfuata mkubwa. Sisi katika kanisa tunapenda sana ile mara ya kwanza.

Tukaulizana nani ametoka kumfuata ndugu yetu. Hakuna. Tulikuwa tumemtumia salamu kwamba anadaiwa mchango.

Mathayo 18 hiyo hiyo inasema ukikosana na ndugu yako uende kwanza ninyi wawili peke yenu, kisha uchukue mtu mmoja au wawili, na mwisho kabisa ndipo liende mbele ya kanisa. Sisi hapa tunaanza mwisho. Tunaanza kwa chifu, au tunaanza sokoni, na mwenye makosa ni mtu wa mwisho kusikia kesi yake. Basi tulituma watu wawili tu. Walimkuta akichuma chai. Hawakumtoa shambani, walichukua vikapu nao wakachuma pamoja naye mpaka saa ya kupima. Mzee mmoja wa hao wawili anasema kwa saa mbili hawakuongea neno isipokuwa habari ya mvua.

Halafu akasema mwenyewe. Na alichosema kilitushangaza. Hakusema mdogo aondoke, wala hakudai mabati. Alisema, "Wangeniuliza tu. Ningesema ndiyo." Akasema na kitu cha pili: kwamba mdogo wake, kabla ya kwenda Nairobi, alimwuzia ng'ombe wake wa maziwa kwa siri, na hajawahi kulitaja jambo hilo hata siku moja.

Hapo tukajua kuna kazi mbili. Mama alihitaji kuomba msamaha, na mdogo alihitaji kulipa.

Juu ya kulipa tuliongea sana, kwa sababu wengine walisema ukishasamehe umesamehe, deni limekwisha. Ndipo tukamsoma Yakobo. Alimdanganya baba yake akachukua baraka ya Esau, akakaa kwa Labani miaka ishirini. Aliporudi hakuja mikono mitupu na maneno matamu. Hesabuni katika Mwanzo 32: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 wanaonyonyesha pamoja na ndama wao, ng'ombe 50 na punda 30. Hao ni wanyama 550 bila kuhesabu ndama wa ngamia. Esau alikataa kwanza, akasema anavyo vya kutosha. Yakobo akamshurutisha mpaka akapokea. Naye Zakayo, hakuna aliyemdai pale mezani, lakini alisema mwenyewe atarudisha mara nne. Anayesamehe anaweza kuacha deni, hiyo ni juu yake. Lakini anayesamehewa asikimbilie kuliacha kwa niaba yake!

Tukaona pia kwamba baada ya kukumbatiana na kulia, Esau alitaka wasafiri pamoja, na Yakobo akatafuta njia ya kukataa kwa heshima. Esau akaenda Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Baadaye walikutana kumzika baba yao Isaka. Walipatana bila kukaa boma moja. Hili liliwafariji wengi wetu, maana kuna watu tumewasamehe kabisa lakini tukikaa nao jiko moja siku tatu tutapigana.

Basi mama na wanawe waliketi, wakiwa na abagaka watatu wa ukoo na sisi wawili. Mama alianza. Hakujitetea. Alimwambia mkubwa, "Niliogopa utakataa, ndiyo maana nilijificha." Mdogo alitaja yule ng'ombe kwa jina lake. Tuliandika makubaliano katika karatasi, nakala tatu, kila mtu akatia sahihi au kidole: mdogo ajenge pale na apate sehemu ya mboga, chai ibaki mikononi mwa mkubwa, bonasi isiguswe kabla mama na mkubwa hawajakaa pamoja, na mdogo amlipe mkubwa ng'ombe kidogo kidogo kwa kazi ya kupalilia. Hawakukumbatiana kama Yakobo na Esau. Mkubwa aliaga akaenda kukamua.

Mtaona tuliwaita abagaka. Hiyo si kukwepa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inakubali upatanisho na njia za kienyeji, mradi zisivunje haki za mtu, na kifungu cha 60 kinahimiza jamii kumaliza migogoro ya mashamba kwa njia zao. Lakini mpaka wake muujue. Mtoto akinajisiwa, au mke akipigwa mpaka anavunjika, hilo si jambo la kukaa chini ya mti na kulipa mbuzi. Liende polisi na hospitali siku hiyo hiyo. Tumeona wazee wakimaliza mambo ya namna hiyo kwa soda na mkate, na msichana anabaki akikutana na mtu yule njiani kila siku. Msiite hiyo msamaha. Msamaha ni wa yule aliyeumizwa kuutoa, wala wazee hawawezi kuutoa badala yake.

Bado kuna jambo moja, na hili hatujalimaliza. Tulipokuwa tunatia sahihi, mama yule wa ndama akauliza tena swali lake moja. Akauliza, "Na dada yao?" Kumbe wana dada, ameolewa upande wa Borabu, na ndiye aliyelipa hospitali ya baba miezi yote ya ugonjwa. Jina lake halikuwa mahali popote katika karatasi. Abagaka wakaangalia chini. Mmoja akasema binti hana shamba kwao. Tukamfungulia Hesabu 27, ambapo binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wote wakadai fungu la baba yao, na Mungu akasema wana haki. Mzee akajibu kwamba hao hawakuwa na ndugu wa kiume. Na ni kweli, lazima tukiri, hawakuwa na ndugu.

Lakini sheria ya urithi ya Kenya, ambayo ilianza kutumika mwaka wa 1981, haisemi binti wasio na ndugu. Inasema watoto. Na hati ya shamba hilo bado iko kwa jina la marehemu baba, kwa hivyo siku watakapokwenda kortini, barua ya chifu itataka majina ya watoto wote, na dada atahitaji kukubali kwa sahihi yake. Ni heri wamwulize sasa kuliko aje ajue siku ya mabati.

Ndugu hao wawili walikaa kimya kidogo, kisha mkubwa ndiye aliyesema wasipeleke karatasi mahali popote kwanza. Dada yao anakuja Desemba. Wamekubaliana kumngoja.